Bembea Nne na Mvua ya Mama Kipimo

Jumapili, 3 Machi

Nimefanya ujinga. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Leo nilialikwa chakula cha mchana kwa kina Nesi. Miezi minane ya uchumba, na hii ndiyo mara ya kwanza kukaa meza moja na mama yake. Nikavaa shati la mikono mirefu. Joto! Yule mama kimoyomoyo namwita Mama Kipimo — amefanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini na moja, kusoma kipimamvua kila siku saa tatu kamili asubuhi. Amestaafu, lakini kipimamvua kingine amekisimika uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, na daftari bado anaandika. Niliingia nikamwamkia, halafu kwa kutafuta la kusema nikasema mvua ya jana ilikuwa kubwa. Akaitikia marahaba, akasema ilikuwa milimita sita nukta mbili, si kubwa. Nikakaa.

Nesi alishanionya. Mchumba wa kabla yangu, dereva wa lori, alifukuzwa kwa sentensi moja tu. Alichelewa kufika, akasingizia mvua, eti ilinyesha usiku kucha. Mama akaenda kuleta daftari. Ilinyesha dakika arobaini. Ukawa ndio mwisho wake pale nyumbani.

Sasa mimi, haya yote nikiwa nayajua, nimefanyaje? Wakati wa matunda Mama akaanza kusikitika kwamba kila mwaka, mvua zikikaribia, huwa anakwenda na wanawe kule msituni juu ya bwawa kupima mvua ya kilimani, na wanalala kwenye bembea za kitambaa, zile za kufunga kati ya miti miwili. Mwaka huu panya wamezitafuna zote nne. Nikasikia sauti inasema, "Mama, hizo nitakushonea mimi. Na maturubai ya kuzuia mvua juu yake. Mimi mwenyewe nimelala sana kwenye hizo."

Sauti ilikuwa yangu! Nesi alinitazama hadi kijiko kikamponyoka. Mimi ni fundi wa mapazia. Sijawahi kulala juu ya kitu kisicho na miguu.

Mama akasema vizuri sana, basi na mimi nitakwenda nao, Ijumaa. Na lile neno letu — yaani kama nimwoe Nesi au nisimwoe — atalitoa Jumapili wakati wa kufunga mizigo. Akasema ukimtazama mtu siku tatu porini unamjua.

Mdomo huu! Ungekuwa na zipu ningeishona leo leo.

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua nailoni ya kijani, mita nyingi. Muuza vitambaa ameuliza ni mapazia ya dirisha gani hilo. Nimemwambia la mama mkwe. Hakuuliza tena.

Fundi Viatu, jirani yangu wa kibanda, amecheka mpaka akaweka nyundo chini. Anasema nirudi nikaungame mapema, uongo wa siku moja unasameheka kuliko wa wiki. Yeye ndoa zake mbili zimeshavunjika, atanishauri nini? Lakini usingizi sijaupata.

Jumatano, 6 Machi

Bembea zenyewe zimekwisha. Rahisi — kitambaa kirefu, kila mwisho unakunjwa na kupitishwa kamba. Nimeshona mara tatu tatu. Hizo haziachii hata akilala tembo.

Leo maturubai. Hapa ndipo nimejionyesha. Turubai la dukani ni kipande tu, kingo zake kavu, halina adabu. Mimi siwezi kuacha ukingo hivyo, mkono wenyewe unakataa. Nimeweka pindo pana la vidole vinne kuzunguka pande zote, mfuko kabisa, kama pindo la kupitishia fimbo ya pazia. Kitambaa kinaanguka vizuri, kinakaa wima. Na kwa mbele, nikakaza uzi kidogo — marinda! Madogo tu, ya kistaarabu. Turubai la Mama lina marinda mawili zaidi ya mengine kwa heshima.

Nimelitundika mlangoni nikalitazama nikiwa nimekaa. Nimekunywa chai nikilitazama. Nesi alipita akitoka zamu, akauliza kwa nini turubai lina marinda. Nikamwambia asiingilie kazi za watu.

Alhamisi, 7 Machi

Uzi mzito umeniishia nikiwa na turubai la mwisho, langu mwenyewe. Duka limefungwa. Basi nimeliacha hivyo hivyo, kingo zake zinaning'inia nyuzi. Aibu. Nitalifunga mbali na wengine wasilione.

Jioni nikafanya mazoezi. Nimefunga bembea kati ya nguzo ya kibanda changu na ya Fundi Viatu. Nimekaa — sawa. Nimeinua mguu wa kulia — sawa. Nimeinua wa kushoto, nikaona mbingu, halafu nikaona mchanga. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu bembea imejipindua na kunifunga ndani kama maandazi kwenye gazeti, na mteja wangu wa mapazia ya sebuleni akawa amesimama pale na mkoba wake. Akasema atarudi wiki ijayo.

Fundi Viatu anasema siri ni kulala kwa mshazari. Amejuaje? Eti amefikiria tu.

Ijumaa, 8 Machi

Tumefika saa tisa. Shemeji, kaka yake Nesi, ndiye aliyeendesha gari. Ananiita shemeji tayari, ila mama yake akigeukia kwetu tu anarudi kuniita fundi. Namwelewa.

Mahali pazuri sana, sitaki kusema uongo (zaidi). Miti mirefu imepangika, ardhi ina majani makavu, bwawa linaonekana chini. Gari tumeliacha hatua hamsini hivi, barabara inapoishia. Kitu cha kwanza Mama alichofanya si kukaa wala kunywa maji. Alitembea na kipimamvua chake mkononi kama anayetafutia mgonjwa kitanda, akapata uwazi, akakisimika, akapima usawa wake mara nne. Wanawe hawaruhusiwi kukigusa. Nesi ana miaka thelathini na tatu, anachoma watu sindano kila siku, lakini kipimamvua hagusi.

Kisha tukafunga bembea. Maturubai yakapanda juu. Mama akasimama chini ya lake, akatazama marinda muda mrefu.

Akasema ni nadhifu.

Nadhifu! Nimelirudia hilo neno kichwani mpaka giza likaingia. Nesi ameninong'oneza nisivimbe kichwa, Jumapili bado.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi. Mbavu. Nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza kimya kimya, mara ya pili juu ya sufuria. Nesi akauliza kwenye giza ni nini. Nikasema mnyama.

Lakini nina jambo zito zaidi. Alfajiri, kumepambazuka kidogo, nilikuwa nimekaa chini nimeegemea mti nikingoja watu waamke ili nijifanye nimeamka nao. Nikasikia mlango wa gari unafungwa taratibu. Akaja mtu ananyata kwenye majani, blanketi begani, mto kwapani. Mama Kipimo! Alikuwa amelala kwenye gari. Akaingia kwenye bembea yake kwa shida, akajifunika, akatulia. Dakika kumi baadaye akapiga miayo mikubwa, akaamka, akawaamsha wanawe akiwaambia usingizi wa msituni hauna mfano.

Nikajitazama miguu. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Mimi ni mti.

Wakati wa chai akaniuliza nimelalaje. Nikasema fofofo. Yeye pia fofofo. Nesi akaniondolea jani kwenye nywele, na lingine, na lingine.

Jioni. Saa sita mchana Mama alitazama mawingu akasema mvua itaanza saa kumi na robo. Ilianza saa kumi na dakika kumi na mbili. Akaomba radhi kwa zile dakika tatu.

Ilikuwa ya kiasi, nusu saa. Maturubai yamezuia! Nimetembea chini ya mvua nikiyakagua kama mwenye nyumba. Ila nimeona pindo la turubai la Shemeji limenenepa. Nikalibonyeza kwa kidole, likatikisika. Nikajiambia ni upepo umeingia. Upepo gani wa baridi hivyo, lakini sikutaka kufikiri.

Baada ya mvua Nesi amenivuta mpaka nyuma ya gari. Hakuwa na utani. Anasema niende nikamwambie mama yake ukweli leo, kwamba sijawahi kulala kwenye bembea maishani mwangu. Akija kugundua mwenyewe hatasema lolote, atafunga tu daftari kama alivyolifunga kwa yule dereva. "Nimeshachoka kuolewa nusu nusu," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimeahidi. Namtaka huyu mwanamke, sijui niandikeje zaidi ya hapo. Nikimkosa kwa sababu ya kamba na nailoni sitajisamehe.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anafuta kipimamvua kwa kitambaa. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kwa miaka thelathini na moja hajaandika tone ambalo halikuanguka. Wenzake walikuwa wakilala, asubuhi wanabuni namba. Yeye hapana. Nikamwambia hongera Mama. Nikarudi.

Mwoga mimi! Mwoga kabisa. Kesho asubuhi na mapema.

Jumapili, 10 Machi

Imeshapita saa mbili. Naandika nikiwa kwenye bembea yangu na siko peke yangu. Nitaeleza, ngoja nipumue. Kupumua kwenyewe ni kwa zamu.

Mvua ilishuka saa moja kasoro. Si mvua ile ya jana, hii imekuja na upepo, miti inainama, huoni bwawa wala gari. Na mapindo yangu! Sasa ndiyo nimeelewa. Turubai la dukani lina kingo kavu ili maji yateleze yaende zao. Mimi nimeyashonea mfuko. Maji yakishuka yanaingia kwenye pindo, yanakaa, na marinda yanayazuia yasitoke. Nimetundika mabomba manne juu ya vichwa vya watu. Matatu, maana langu halikupata uzi.

La Shemeji lilipasuka kwanza. Yote kwa mara moja, usoni. Alitoka pale anaogelea. La Nesi likang'oka kamba, likamfunika, nikaona vitu vinapigana ndani ya nailoni ya kijani. Wote wawili wakakimbilia kwenye gari, Nesi akimwita mama yake. Mama akajibu kwa sauti kwamba saa tatu bado, hawezi kuacha kipimamvua kabla ya saa tatu. Akabaki amejifunika blanketi, ametulia, na juu yake lile pindo lenye marinda mawili ya heshima likawa limevimba kama tumbo la ng'ombe. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikachelewa.

Hakupiga kelele. Aliinuka kwenye maji, akalishika pindo, akalipitisha vidoleni taratibu, kama mteja aliyekuja kurudisha kazi. Akalitazama turubai langu, lenye nyuzi zinazoning'inia, na mimi mkavu chini yake. Akaja.

"Sogea," akasema.

Kusogea wapi? Bembea haina kusogea! Kitambaa kinawavutia wote katikati. Mama mkwe wangu, ambaye hata bado si mkwe, ambaye mpaka jana nilikuwa nampa kikombe kwa mikono miwili nikiwa mbali, sasa bega lake liko kwapani mwangu na kiwiko chake kwenye mbavu zile zile zilizoangukia sufuria. Nilijaribu kushikilia ukingo nimwachie nafasi. Bembea ikayumba, akanishika shati. Tukakubaliana kutotikisika. Nikishuka mimi, anapinduka yeye. Akishuka yeye, napinduka mimi.

Daftari lake limelowa, kurasa zimegandana. Akauliza kama nina karatasi. Nikasema ninalo daftari la vipimo vya mapazia, hili hili ninaloandikia habari zangu, kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Akasema basi niandike mimi, yeye atasema. Ndiyo maana ninaandika. Miwani yake imejaa ukungu, haoni hata kidole chake. Mungu ni mwema. Hapa juu kurasa tatu nimemwita Mama Kipimo mara sijui ngapi.

Saa mbili na dakika kumi. Mvua kubwa. Upepo kutoka kilimani. Mama anakadiria haitakatika kabla ya saa sita mchana.

(Hilo ndilo lake. Yanayofuata ni yangu.)

Akauliza lile pindo nililiweka la nini. Nikamweleza habari za pazia, kitambaa kuanguka vizuri. Akaitikia kwa koo. Halafu akauliza, taratibu sana:

"Na hizo bembea nyingine ulizokuwa ukilala, mapindo ya maturubai yake yalikuwa hivi hivi?"

Hapo. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, tena zuri: hayo yalikuwa ya kiwandani, Mama, hayakuwa na pindo. Lingepita kabisa. Nikamkumbuka Nesi nyuma ya gari, macho yale.

"Mama, sijawahi kulala kwenye bembea. Hata moja. Nilisema pale mezani kwa kujipendekeza kwako."

Maji yanashuka pande zote. Mimi moyo unapiga mpaka bembea inatikisika, naye bila shaka anausikia, tumebanana hivi asiusikie vipi. Nimehesabu matone yanayodondoka ukingoni mpaka mia.

Akauliza usiku wa juzi nilianguka mara ngapi. Nikasema mbili. Akasema alisikia moja tu, ile ya sufuria. Kwamba aliisikia kutoka wapi, sikuuliza.

"Uliniona alfajiri," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikasema nilimwona.

"Na wanangu hukuwaambia."

Nikasema sikuona kama ni habari yangu kuisema.

Basi akaanza kuongea akiwa ametazama mbele, kule kilipo kipimamvua chake, huku maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele mpaka shingoni kwangu. Ni mgongo. Mwaka wa tatu huu hawezi kulala kwenye bembea, hata saa moja. Kila safari anangoja watoto wasinzie, anakwenda kwenye gari. Wakijua watamwambia akae nyumbani na kile cha uani. Nesi hasa, ndiye atakayekuwa wa kwanza, na kwa wema kabisa. "Nikikaa nyumbani nimekwisha," akasema. Sauti yake haikubadilika, lakini mkono uliokuwa umenishika shati ulikaza.

Nimemwambia naweza kumshonea godoro jembamba, la upana wa kiti cha nyuma cha gari, likunjike liingie kwenye begi watoto wasione. Bila pindo. Akacheka! Mara moja, puani, bembea ikayumba tukashikana tena wote wawili kama watu waliopandishwa juu ya ngazi.

Saa mbili na nusu. Mvua kubwa zaidi. Radi mbili, mbali. Kipimamvua kiko wima.

Shemeji kafungua kioo cha gari anapiga kelele. Anasema barabara inageuka mto, kama tunaondoka ni sasa, na mama atoe lile neno basi watu wajue kama fundi arudi nao au atembee. Anadhani ni utani. Nesi simsikii kabisa. Najua amekaa kiti cha mbele ameshika mikono yake.

Mama amemjibu kwa kelele kwamba neno la ndoa halisemwi watu wakiwa wananyeshewa. Mvua ikikatika ndiyo atasema, si kabla. Shemeji akafunga kioo.

Saa sita mchana, alisema mwenyewe. Mpaka saa sita! Na yeye ndiye asiyekosea. Najitazama miguu, haina hisia tena. Ninajiuliza kama ananichelewesha kwa sababu ni hapana, anatafuta namna ya kuisema kwa upole. Ningekuwa mimi, mtu amenidanganya mezani kwangu akala na matunda yangu, ningesema hapana. Nilimwambia ukweli na sijutii.

Saa tatu kasoro dakika kumi. Sasa maji yanapenya hata hapa, kwenye zile nyuzi. Yanadondoka kati yetu. Amevua miwani, ameinua uso, anayatazama mawingu kwa muda, kila upande, kama anavyofanya siku zote, midomo inahesabu. Nikadhani anatafuta makosa kwenye ile saa sita yake.

Kisha akanigonga goti.

"Andika."

Nikamwambia niko tayari.

"Saa tatu kasoro dakika tano. Mvua imekatika."

Nimeinua kichwa. Huoni mti wa pili. Turubai linanguruma, wino unatoroka kwenye karatasi, na ule mto wa Shemeji unapita chini yetu na kiatu changu kimoja. Nikamuuliza kwa adabu zote kama niandike hivyo hivyo.

"Hivyo hivyo. Na saa uiandike."

Nimeandika. Amenishika bega, amejiinua kidogo, bembea inataka kutupindua, na anamwita Nesi aje hapa asikie lile neno, mvua imeshakatika. Hii ni mara ya nne anaita, maana kwa mvua hii hasikiki.